Mwisho wa Kupanda ni Saa Mbili

Burgl Praxmarer alistaafu na kikombe kimoja kilichozidi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye kamba, juu kabisa ya mlima wao kule Tirol. Saa moja asubuhi alianza kufagia theluji jukwaani. Saa mbili na nusu aliwapokea watelezaji wa theluji wa kwanza. Nusu saa kabla yao alimimina kahawa vikombe viwili: chake na cha mumewe Hias. Huyo Hias, kila siku akishakamua ng'ombe, alibandika ngozi za kupandia, zinazozuia kuteleza nyuma, chini ya ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, akaupanda mlima kwa miguu yake. Na hakuwahi kubisha hodi kibandani hata siku moja; kahawa yake ilipoa kikombeni.

"Nilikuona," alikuwa akisema jioni akimenya viazi. "Leo ulifagia kwa hasira. Na ile skafu nyekundu haikupendezi."

"Uliniona ukiwa wapi, we mzee?"

Hias alicheka tu. Akafa mwezi wa kumi bila kusema, na Burgl, mwanamke asiyeweza kupita penye pazia bila kulifunua, alikereka karibu sawa na alivyohuzunika. Theluji ilipoanguka akazitoa zile ngozi, akaanza kupanda. Alitaka kujua ni wapi.

Alishika ukingo, kama kibao cha wanaopanda kinavyoagiza, asije akachafua katikati palipolainishwa na mashine. Kibao chenyewe alikipigilia misumari yeye. Kila mti aliuchungulia: hapa? Lakini kibanda hakikuonekana kutoka popote. Kwenye kona ya mwisho, hatua arobaini chini ya jukwaa, alimkuta mlinzi wa mteremko, Vinzenz, anatazama saa.

"Saa mbili na dakika nne, mama. Geuza."

"Acha utani, Vinzenz. Mimi ndiye niliyekufundisha kazi!"

"Na ulinifundisha kwamba saa mbili ikigonga hapiti mtu, hata awe mama yako mzazi, maana walinzi tunashuka kasi tukikagua mteremko. Mzee Hias mwenyewe nilikuwa namzuia hapa hapa, kila siku ya Mungu. Na kwa kukamua kwanza ng'ombe wale, angewahi saa ngapi?"

Burgl alisahau kubisha. "Hapa wapi?"

Vinzenz akaonyesha kwa fimbo. Nyuma ya ua wa mbao wa kuzuia theluji palikuwa na gogo lililolainika kwa kukaliwa. Burgl akaketi. Kupitia upenyo wa mbao aliliona jukwaa zima, na binti aliyechukua nafasi yake akifagia.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ungemwombea apite, halafu ungejichukia."

Burgl akacheka, kwa kuwa ndivyo hasa ambavyo angefanya. Lakini udadisi wake haukumwacha.

"Na mtu wa juu je? Akitaka kushuka mpaka hapa?"

Vinzenz akajikuna shingo. "Kushuka kwa mguu, hapa ukingoni? Hakuna katazo, mama. Saa mbili ni ya wanaopanda."

Burgl akazihesabu kwa macho zile hatua arobaini. Palikuwa na mteremko mwepesi; hata mwenye kushuka na kikombe kilichojaa asingemwaga tone, siku yoyote ya ile miaka kumi na tisa. Akajifunika uso kwa glavu za Hias, akalia kwa sauti, na Vinzenz akaitia saa mfukoni.