Safi ya Fundi Pua

Katika gereji ile, gari lililofunguliwa mabomba ya petroli halikutoka mpaka Fundi Pua alizunguke. Injini ikishapata moto, yeye huinama kila kona, huvuta hewa, kisha hutamka neno moja: "Safi." Hapo ndipo mwenye gereji hufungua geti. Mwenye gereji alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, na utaratibu huo aliuweka mwenyewe, maana kwa miaka ishirini Pua hakuwahi kukosea. Wengine walikuwa na vifaa, yeye alikuwa na pua, tena pana, na alitaniwa mpaka akazoea.

Tatizo ni kwamba pua ile ilikuwa imekufa. Homa moja mbaya ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka hakusikia tena harufu ya kitu chochote, iwe sabuni, iwe moshi. Daktari alimwambia huenda itarudi. Mwaka wa pili sasa, haijarudi. Aliyejua ni mkewe peke yake, na alijua kwa sababu siku moja alirudi akakuta sufuria inaungua jikoni, na mumewe amekaa hatua tatu tu kutoka hapo, anasoma gazeti.

"Mwambie kaka," mkewe alimsihi. "Mwambie wewe kabla hajajua mwenyewe."

"Nimwambie nini? Kwamba nimebaki jina tu? Si nitamwaga unga!"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Basi kitaniumbua mimi, si wewe."

Jibu la kijinga hilo. Petroli ikiwaka haimtafuti fundi, inaanza na aliyemo garini. Lakini mtu akiogopa kudharauliwa, akili humhama. Pua aliendelea kuinama na kusema safi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado mizuri, Mungu akamsitiri.

Ndipo likaja gari la mwalimu mmoja, la milango miwili, injini ya tabo inayosukumiwa hewa kwa nguvu, ambalo marehemu baba yake alikuwa akilikimbiza kwenye mashindano enzi zake. Mipira ya petroli ilikuwa imekakamaa, ukiikunja inapasuka. Mabomba ya chuma chini ya sakafu yalikuwa yameliwa na kutu. Pua alishauri wasibahatishe, vitoke vyote kuanzia kwenye tangi hadi kwenye injini. Akafanya kazi siku tatu kwa raha aliyokuwa ameisahau. Alikunja mabomba mapya taratibu, akifuata kila kona ya yale ya zamani, akafunga mipira inayohimili presha kubwa, na klipu zisizoukata mpira. Kazi ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake.

Ila kwenye filta ya petroli alirudishia wosha zile zile za shaba, vipete vya kuziba maungio yasivuje. Ndiyo desturi yake tangu ujanani: wosha ya shaba ukiipasha moto inalainika, inakaa tena kama mpya, na siku ikigoma ikavujisha, harufu itakwambia. Desturi nzuri hiyo, kwa mtu mwenye pua.

Jumamosi mchana mwalimu alikuja na mama yake, ajuza mchangamfu aliyetaka kukaa tena kwenye kiti alichokuwa akikalia enzi za mumewe. Mama alishafunga mkanda, anajiweka sawa mtandio kwenye kioo, na mwalimu amesimama kando akisubiri kuingia. Injini ilinguruma mpaka ikapata moto. Pua akazunguka, akainama, akavuta hewa.

"Safi."

Geti likafunguliwa, na hapo nje alikuwa amesimama mkewe Pua na chakula cha mchana mkononi. Alipita mbele ya gari, akasimama ghafla.

"Mbona petroli inanuka hivi?"

"Hii gereji, dada," kaka yake akacheka. "Ulitaka inukie manukato?"

Mke akamtazama mumewe.

"Nimeshakagua," Pua alisema, na macho yake yalikuwa yakimwomba. "Nenda kaweke chakula."

Mkewe angeweza kunyamaza. Mke anayemsitiri mumewe husifiwa, na yeye alikuwa amesitiri vya kutosha. Akamtazama yule mama mle ndani ya gari.

"Kaka, zima gari. Mume wangu hasikii harufu. Mwaka wa pili huu."

Mwenye gereji alizima mwenyewe. "Mama, shuka kidogo tafadhali," akasema kwa adabu, akamshika mkono. Kisha akachukua tochi, akaingia chini ya gari, akapeleka mkono kwenye filta. Alipotoka vidole vilikuwa vimelowa petroli. Alivifuta kwa kitambaa, kimoja kimoja, bila kumtazama shemeji yake.

"Mimi niliisikia tangu tulipowasha," alisema fundi wa umeme wa gereji ile, kwa sauti ya chini. "Ila wewe ulishasema safi. Nikajiuliza, mimi ni nani?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma Pua. Angetukanwa, angepata pa kushika. Alijua kabisa kwamba mama wa watu ameponea chupuchupu, na alijua ni nani aliyemponya. Aibu ikamjaa, ikatafuta mtu wa kumwangukia, na hapo palikuwa na mmoja tu ambaye Pua angethubutu kumfokea.

"Haya, umefurahi sasa?" akamwambia mkewe mbele ya watu wote.

Mkewe, aliyekuwa akimnusia mashati na gesi ya jikoni mwaka wa pili huu bila kumwambia mtu, aliweka chakula juu ya meza ya spana, akageuka, akatoka getini.