Zima Skrini, Ndipo Useme Inafanya Kazi

Jumamosi asubuhi, kwenye meza ya jikoni, fundi kompyuta mmoja anagombana na watu ambao hajawahi kuonana nao. Kompyuta yake, iliyovunjika bawaba, imeegemea chupa ya chai. Wenzake humwita Shangazi Hakikisha, na siku hizi hata mumewe kasahau jina alilomwoa nalo.

Shangazi huratibu majaribio ya programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia bure na hata kuzirekebisha. Watu wanaojitolea huzifungasha, yaani huziandaa ziwe tayari kuwekwa kwenye kompyuta. Yeye huwagawia wengine wazijaribu kabla toleo jipya halijatoka.

Malipo je?

“Pongezi na lawama,” anacheka. “Lawama ndizo hazicheleweshwi.”

Leo mchana toleo linafungwa, na programu moja imezua ubishi: ile inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. Kaka yake, asiyeona, huitumia kuandika matangazo ya redio. Anadai sasa inanyamaza kila anapofungua barua za kazini. Watu watatu waliopewa waijaribu wanasema iko safi. Ikitoka hivyo, kaka kazi hana.

“Nyie, mmeijaribu huku mnaangalia?” Shangazi anawauliza kwenye simu ya kikundi.

“Sasa Shangazi, tusiangalie tutaonaje?” anauliza mwalimu wa hesabu, mmoja wa wale watatu.

“Ndiyo msione! Zimeni skrini, muanze upya.”

Zogo linazuka. Mwalimu anafuta ripoti yake mwenyewe bila kukusudia. Mwenzake, muuguzi, amefungulia muziki na hajui kuuzima. Kaka, aliyekaa pembeni, anacheka mpaka chai inamwagika.

“Karibuni kwangu, jamani. Na hapo hamjafika kwenye nywila, lile neno la siri la kufungulia barua.”

Wanafika. Kidirisha cha nywila kinafunguka, na sauti inakatika kwa wote. Kumbe mwanzo macho ndiyo yaliyokuwa yakiwavusha.

“Shemeji, tusamehe,” mwalimu anamwambia kaka, ingawa undugu huo kajipa mwenyewe.

Aliyeifungasha programu anairekebisha mbiombio. Kaka anaijaribu tena, na safari hii kompyuta inatamka: “Andika nywila.”

“Imepita!” Shangazi anapiga kelele, jirani anagonga ukuta.

Sasa anataka toleo lijalo kaka yake ndiye aongoze majaribio ya programu hiyo, pamoja na wenzake wasioona.

“Atawanyoosha hao,” anajigamba.

“Nitaanza na wewe,” kaka anajibu. “Zima skrini hiyo, dada.”