Ng'ombe Niliyemtaja kwa Mdomo Wangu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, wakati bado nilikuwa naapa kwamba hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza. Nilikuwa nimetoka Kivu Kusini kwa miguu, nikafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, na sufuria moja, na kwa madarasa matatu tu ya shule nikapata lori mbili na duka la maharage. Mtu wa namna hiyo atashangazwa na nini? Na usidhani ninakusimulia mambo ya utoto. Ni msimu uliopita tu, mvi ninazo tayari. Lakini mvi huota kichwani, ujana hubaki ulimini.

Tulikuwa tumetoka ibadani. Amani, mtoto wa jirani yangu mjane, alikuwa amekuja kutoka Mbarara anakosoma chuo. Yeye ni kapteni wa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya chuo hicho, Wakongomani na Waganda pamoja. Wachezaji walikuwa saba tu, na walikuwa wameshapigwa mechi nne mfululizo za ligi ya vyuo. Akaomba wazee wawaombee. Mimi nikamwambia vijana warefu namna ile wangenifaa zaidi kupakia magunia. Watu wakacheka, na kicheko cha watu hunilevya kuliko pombe. Nikasimama mbele ya wazee nikasema, "Mukibeba kombe, Gaju ni wenu."

Gaju ni ng'ombe wangu mwekundu, alikuwa na mimba ya pili, malkia wa zizi. Kwetu sisi wafugaji, ng'ombe akishatajwa jina mbele ya wazee, hauzwi wala habadilishwi mpaka neno lile limalizike. Hilo nalijua tangu nikinyonya. Nilimtaja kwa sababu niliamini hawatashinda.

Basi wakaanza kushinda. Mechi ya tano, ya sita, ya saba. Wahenga walisema usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Siku moja nilipeleka maharage Kakoba, kule Mbarara, nikapita uwanjani nione huo uongo kwa macho yangu. Saruji imepasuka, kikapu kimoja hakina wavu. Wapinzani walikuwa na viatu vipya na mashabiki wenye midomo. Mmoja wao akapaza sauti, "Acheni wakimbie, kukimbia ndiyo kazi yao." Amani akapita na mpira, hakugeuka. "Basi tufuateni," akasema. Hawakuweza kuwafuata. Mwanangu, maisha yangu yote ni mizigo, lakini sijaona watu saba wakibebana vile. Mmoja akichoka, mwenzake anakimbia sehemu yake na ya yule, na hakuna anayemnunia. Walishinda kwa pointi moja.

Halafu wakasimama mstari, na kila mmoja akataja kosa lake mwenyewe kabla mwingine hajalitaja. Kapteni akaanza: alimwacha mtu wake apite mara mbili. Hakuna aliyecheka. Kocha wao, Mnyankole mpole, akanieleza kwamba wanafanya hivyo tangu ile mechi ya nne. "Ssebo," akaniambia, yaani bwana, "kosa ukilisema mwenyewe, halikufuati nyumbani." Habari za Gaju alizijua, maana Mnyankole hapitwi na habari ya ng'ombe, lakini hakuzigusa.

Nilirudi nyumbani nimewapenda vijana wale, na nimewaogopa. Wiki hiyohiyo nikampeleka Gaju mpakani Kikagate, nikamuuzia mchuuzi kwa milioni mbili. Nilijiambia kwamba ng'ombe asiyekuwepo hadaiwi.

Fainali ilichezwa Mbarara. Zimebaki sekunde chache, wako nyuma kwa pointi moja, Amani anachechemea. Nikajikuta nimesimama juu ya benchi ninaliita jina lake, mimi ambaye wakishindwa ndiyo salama yangu. Akapenya katikati ya watu wawili, akarusha. Mpira ukazunguka kwenye chuma, ukazunguka tena, ukaingia. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Jumapili iliyofuata walileta kombe kanisani. Hawakuniuliza kitu. Nikasimama na bahasha yangu, nikasema Gaju ameshauzwa, thamani yake hii hapa. Mzee Sebahire, aliyenifundisha kukamua nikiwa mtoto kule milimani, hakuitazama bahasha.

"Weye mwana yangu," akasema polepole, "Gaju alishatoka mu lupango yako, mu zizi yako, ile siku ulimutaja mbele yetu. Uliuzisha ng'ombe ya batoto."

Vijana walikuwa wamesimama mstari na kombe lao, kama walivyozoea. Nikaenda nikasimama mwisho wa mstari ule. "Mimi," nikasema, "niliuza ng'ombe yenu ili mukishinda musipate kitu."

Amani akasogea kidogo, akanipa nafasi. "Papa," akasema, "leo umeingia mu timu."

Kesho yake alfajiri nilikuwa njiani kwenda Kikagate. Mchuuzi bado alikuwa na Gaju, akausoma uso wangu, na uso wa mtu mwenye haja ni soko zuri kwa mwenzake. Leo Gaju yuko kwa kocha, amezaa ndama jike, na vijana wanakunywa maziwa kabla ya mazoezi.

Kwa hiyo, mwanangu, usitoe ahadi kwa kumdharau mtu, maana unayemdharau ndiye atakayekuja kuidai kwa miguu yake. Neno likishatoka, lisindikize mpaka lifike. Na ukikosa, simama kwenye mstari useme mwenyewe. Mungu akupe mapafu ya vijana wale na ulimi mfupi kuliko wangu, zizi lako lijae, na wazee wakilitaja jina lako walitaje kwa furaha. Somo hili sikulipata darasani. Ukiziondoa zile milioni mbili nilizorudisha, kwa nyongeza aliyonitoza mchuuzi, mafuta ya lori na karatasi ya kumsafirisha Gaju, lilinigharimu shilingi milioni moja, laki tano na elfu themanini na tano.