Nilivyojifunza Kusiriba Jiko

Mke wangu alipofariki, jiko letu la kuni lilikaa miezi minne bila kupakwa. Alilijenga mwenyewe kwa matofali, na kila Jumamosi alilisiriba kwa udongo na majivu mpaka likawa laini kama kibuyu. Kazi yangu ilikuwa kupasua kuni na kungoja chai. Huku Mbooni wanaume wa rika langu hatukai jikoni.

Kisha nyufa zikaanza. Moshi ukatokea ubavuni, masizi yakapanda ukutani. Nikanunua simiti kidogo, nikalipiga jiko plasta. Lilipendeza siku mbili. Siku ya tatu nikichemsha maharagwe, kipande kizima kikabanduka, kikaangukia motoni.

Nilimpigia simu dada ya marehemu, anayeishi Nunguni. Alikuja kesho yake kwa boda boda, akaingia jikoni, akaigusa ile simiti.

"Shemeji, simiti na moto havipatani," alisema. "Ungeniita mapema."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Jiko ni la anayekula."

Alinituma nilete udongo wa kichuguu. Tukautwanga, tukauchunga kwa chekeche, tukauchanganya na majivu na mavi kidogo ya ng'ombe, tukauacha ulale. Asubuhi nikaanza kubandua simiti yangu. Chini yake, kando ya mdomo wa jiko, kulikuwa na alama za vidole vinne vilivyopita pamoja kwenye udongo wa zamani. Vidole vya mke wangu. Nikakaa chini.

Shemeji aliziona pia.

"Hapa tusipake," nilisema.

"Ukipaacha, ufa utaanzia hapo hapo," alijibu taratibu. "Yeye mwenyewe alikuwa anazifunika kila wiki, anaacha zingine. Lakini ni jiko lako."

Nikalilowesha jiko kwa maji, nikachota udongo kwa kiganja. Nilianzia upande wa nyuma, pale penye alama nikapaacha pawe pa mwisho. Nilipofika hapo, nikapitisha kiganja.

Udongo ulipokuwa bado na unyevu kidogo, shemeji alinionyesha kuusugua kwa jiwe laini la mtoni hadi ukang'aa. Siku tatu nilipika nje kwenye mafiga, jiko likikauka.

Wiki iliyofuata akina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Mmoja aliingia jikoni kusaidia na chai, akarudi akauliza ni nani huwa ananipakia jiko.

"Ni mimi," nikasema.

Wakacheka, wakidhani natania. Nikawaonyesha kucha zangu, zilizokuwa bado nyekundu kwa udongo. Yule aliyeuliza hakucheka tena. Alirudi nami jikoni, akapitisha kidole juu ya jiko, akaniambia majivu niyachunge mara mbili, maana vipande vidogo vya mkaa ndivyo vinavyoacha mikwaruzo. Hilo nilikuwa silijui.