Wifi Anyesi na Kiboko Aliyejifungua

Watu wa kata ya Maji ya Chai wamesema mengi juu ya wifi yangu Anyesi, dada wa marehemu mume wangu Eliasi. Eti kukosa mtoto kumemtia wazimu, ndiyo maana alishinda siku nzima akimkodolea macho kiboko. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka thelathini, na jina la ukoo huu si la kuchezewa. Nitaeleza kilichotokea.

Anyesi hulisha wanyama katika bustani ya wanyama ya mtu binafsi huko. Machi iliyopita kiboko wao alizaa. Hadi siku ya tatu hakuna aliyemwona mtoto akinyonya, na meneja wao, Lemomo, akaamua: Ijumaa ikifika hajaonekana, atatenganishwa na mama yake, anyweshwe kwa chupa.

"Kwani mzazi huanikwa mbele za watu?" Anyesi alimuuliza. "Kwetu hukaa ndani."

Akaomba wageni wazuiwe. Akafunika uzio wote wa bwawa la kiboko kwa majani ya migomba, akakaa nyuma yake peke yake na daftari.

Maji yalikuwa tope. Mtoto alizama, akaibuka kuvuta pumzi, akazama tena. Akizama masikio yakiwa wima, Anyesi aliandika "anacheza." Yakiwa yamelala, aliandika "ananyonya."

"Shangazi, masikio ndiyo yananyonya?" Lemomo alicheka. "Au unasubiri kiboko akupe shikamoo?"

"Cheka tu. Wewe mwenyewe ulifichwa ndani na mama yako."

Kila jioni alinipigia simu nyumbani kwangu Kijenge, akanisomea daftari lake. Hakuwa na mwingine wa kumsomea. Nami tangu Eliasi afariki, simu yangu hailii sana.

Ijumaa asubuhi Lemomo alifika na watu watatu na wavu. Anyesi alimshika mkono, akampeleka kwenye upenyo wa majani. Kiboko alikuwa ametoka majini, amelala ubavu. Mtoto alikuwa chuchuni pale nchi kavu, masikio ameyalaza, pua ameziba, kana kwamba bado yumo majini. Aliachia, akavuta pumzi, akaziba tena.

Lemomo aliukunja wavu.

"Basi nimemaliza, Wifi," Anyesi aliniambia kwenye simu. "Wale wawili hawanihitaji tena."

Lakini hakukata simu, nami sikukata.