Sinema za Waberi Hazikuwa na Mwisho

Nimeandika hati nyingi maishani mwangu, za ndoa, za talaka na za mirathi, na sikumbuki hata moja niliyoulizwa shahidi wake nikakosa la kujibu. Sentensi iliyonishinda ilikuwa na maneno matatu tu, na niliiandika kwenye daftari la kibanda cha video: "Kijana huyo akatubu." Chini yake mtu akaandika kwa kalamu nyekundu: "Nani aliona?"

Mimi sikuwa nimeona. Na kama nilivyokuja kugundua, hapakuwa na mtu Garissa nzima aliyekuwa ameona.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya yale mafuriko makubwa. Nilikuwa nikifundisha Qur'ani mtaani Waberi, na kwa kuwa Kiswahili changu nilikipata Lamu, nilikokaa miaka saba nikisoma dini, kila karatasi ya Kiswahili pale mtaani ililetwa kwangu. Nilikuwa pia mmoja wa wazee watano wa kamati ya msikiti. Mama mmoja mjane alipotaka kufungua kibanda cha video, cha mabati, chenye mabenchi sita, televisheni moja na deki moja, alikuja kwetu kuomba radhi ya mtaa. Tulimpa kwa masharti mawili. Kwanza, adhana ya magharibi imkute amezima, na asiwashe tena mpaka kesho yake. Pili, kila kanda iandikwe daftarini: inahusu nini, nani wamo, ina jambo gani la aibu, ili mzazi asome kabla ya kumruhusu mwanawe. Sharti la kwanza lilitoka kinywani mwangu mimi, na Mungu anisamehe, nilijivunia.

Mjane alinunua daftari kubwa la jalada gumu, akalifunga mlangoni kwa uzi pamoja na kalamu. Kwa kuwa hakuwa na muda wa kuandika, aliwaachia wateja. Yeyote aliyetazama aliweza kuongeza neno au kufuta la mwenzake. Kwa Wasomali, watu waliokua wakisikiliza habari na kuzipinga kabla hazijaisha, hilo lilikuwa tamu kuliko sinema yenyewe. Walikuwepo waliolipa kiingilio wakatazama nusu saa, kisha wakatoka mbio kwenda kumsahihisha mtu daftarini.

Kanda iliyoleta zogo ilikuwa ya kuchekesha, ya vijana wa shule wa Marekani. Wazazi wanasafiri, kijana anabaki na nyumba, anaalika shule nzima, nyumba inavunjwavunjwa na gari la baba linaishia ndani ya bwawa la kuogelea. Ukurasa wake daftarini ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu wa shule ya msingi aliandika kwamba kijana huyo baadaye alisoma akawa daktari. Mtu mmoja wa Bute akaandika kwamba baba aliliona gari akaanguka akafa. Mfanyabiashara wa ngamia kutoka Griftu, ambaye hakujua kuandika, alimlipa mtu amwandikie kwamba wazee wa ukoo wa kijana walikaa na wazee wa ukoo wa majirani, na fidia ikatolewa kwa ng'ombe, kwa sababu Marekani hakuna ngamia. Nami siku moja, nikipita kwenda sokoni, nilisoma yote hayo na moyo haukuniruhusu kumwacha mtoto wa watu bila toba. Nikaandika maneno yangu matatu nikaenda zangu.

Yangeishia hapo, lakini mwana wa mwenyekiti wa kamati yetu alichukua pikapu ya babake bila ruhusa akaitia mtaroni. Babake alipomkaripia, alijibu, "Kuna kijana alitia gari la babake majini na hakuna lililompata."

Ijumaa hiyo, baada ya swala, mwenyekiti alituketisha.

"Kile kibanda kinafungwa," alisema.

"Adeer, daftari linasema kijana alitubu," mmoja wetu akasema. Adeer ni ami, na ndivyo tulivyomwita kwa heshima.

"Linasema pia babake alikufa, na kwamba alilipa ng'ombe. Sasa alikufa kabla ya kulipa au baada?" Akanigeukia. "Maalim, huo mkono wa toba ni wako. Ulipata wapi?"

Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kuona wazee wanne wanafurahia kimya changu.

"Una wiki moja," alisema. "Safisha huo ukurasa. Kila neno na shahidi wake. Kama kijana alitubu kweli, kibanda kitabaki. Kama hakutubu, Ijumaa ijayo mabati yanang'olewa."

Mjane aliposikia hakulia. Kibanda kile ndicho kilichomlisha yeye na dada yake mkubwa. Aliniambia tu, "Maalim, mimi sikukuomba uandike. Sasa umeandika, nisimamie."

Basi nikafanya kazi niliyosomea. Katika elimu ya hadithi, habari haina thamani bila sanadi, yaani mnyororo wa waliosimulia: fulani alisikia kwa fulani, na kila mmoja anapimwa ukweli wake na kumbukumbu yake. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa mpya, kulia habari, kushoto shahidi, nikaanza kuwaita watu mmoja mmoja kwenye baraza ya chuo changu cha Qur'ani.

Shahidi wa kwanza alikuwa muuza chai, mtu mkweli kabisa. Tatizo ni kwamba hakuingia kibandani. Alichungulia kwenye tundu la msumari, na kutoka tundu lile ilionekana nusu ya kushoto tu ya televisheni. Aliapa kwamba kijana alizungumza peke yake sinema nzima kama mwendawazimu. Nilimwandika: mkweli, wa upande wa kushoto.

Wa pili alikuwa mtafuna miraa. Nilimuuliza alianza kutafuna saa ngapi, akasema saa nane. Sinema ilianza karibu saa kumi na moja. Kwa hesabu yangu, mtu wa miraa kwa saa hiyo anaona hata yasiyokuwepo, na kweli aliona chui.

Mfanyabiashara wa Griftu alikuja mwenyewe bila kuitwa.

"Wewe uliona fidia ikitolewa?" nilimuuliza.

"Sikuona. Lakini itakuwa imetolewa. Watu iko na nyumba kubwa hivyo itakosa wazee?"

"Tunaandika yaliyoonekana, walaal, ndugu yangu, si yanayofaa."

"Kwani ile ya kutubu uliona?"

Nilimmiminia chai. Akanywa, akaendelea, "Na hiyo gari si kitu. Ile maji je? Maji safi namna ile, na hakuna mbuzi hata moja imeletwa kunywa. Andika hiyo. Hiyo niliona na macho yangu."

Nikaandika. Ilikuwa habari sahihi.

Nilihoji watu kumi na wanne. Juu ya mwanzo walikubaliana, juu ya gari wakakubaliana, na nilipofika mwisho wote walisema neno moja: "Hapo adhana ilipigwa." Watu walikunywa chai kwanza baada ya alasiri, ndipo mjane akawasha, na sinema za Marekani ni ndefu. Magharibi inaingia, anazima, kesho yake anaweka kanda nyingine. Nilimuuliza mtafuna miraa kuhusu kanda nyingine, ile ya wezi wa benki, iliishaje. "Adhana," akasema. Ile ya mbwa aliyepotea? "Adhana." Nikaelewa kwamba tangu kibanda kifunguliwe, hakuna sinema iliyowahi kumalizika Waberi. Mji mzima ulikuwa umejaa watu wanaojua jinsi kila kosa linavyoanza na hawajui linavyolipwa. Na aliyeweka sharti lile alikuwa amekaa pale na kalamu mkononi.

Siku ya Jumatano nilikwenda kwa mjane, nikasimama mlangoni, dada yake akiwa ndani.

"Na wewe mwenyewe hujui mwisho?" nilimuuliza.

"Mimi natazama mlango, Maalim, sitazami sinema." Kisha akaona haya kidogo. "Lakini kanda huletwa ikiwa imeshachezwa yote, na nikiirudisha nyuma, mwisho ndio unaokuja kwanza. Huyo kijana nimemwona amekumbatiwa na babake, kisha wanaachana, machozi yanapanda mashavuni yanarudi machoni, halafu anatembea kinyumenyume mpaka nje."

Katika vitabu vyote nilivyosoma, sikuwahi kukutana na msimulizi aliyeona habari kinyumenyume.

"Kamati haitakubali hilo," nikasema.

"Basi njoo uone mwenyewe. Si ndefu."

Nilikuwa nimetangaza msikitini, mbele ya watu, kwamba macho yangu hayatatazama kanda ya pale. Niliyapima maneno yangu usiku kucha, na alfajiri nikaona kwamba niliahidi kwa niaba ya macho tu, masikio sikuyataja. Nadhani Mwenyezi Mungu, aliye mpole, aliniona nikifanya hesabu ile akaniacha niimalize.

Kiingereza sikukijua, kwa hivyo nilimwomba daktari wa mifugo atutafsirie. Alikuwa Mkristo, mtu wa Kenya, kama tunavyowaita hadi leo watu wa kutoka bara kana kwamba sisi tuko kwingine. Alifika asubuhi na mabuti yake ya kazini. Mlango uliachwa wazi, dada mkubwa akakaa katikati kama kadhi, nami nikageuza benchi nikaipa mgongo televisheni.

"Maalim, unatazama mabati," daktari akasema.

"Mabati hayana dhambi. Anza."

Akaanza. Wazazi wamerudi. Nyumba imesafishwa. Baba anauliza kwa nini garini kunatiririka maji. Kijana anasema ilinyesha mvua. Hapo dada mkubwa akacheka, maana nje ya kibanda chetu miezi mitano haijadondoka hata tone. Baba anaingia jikoni. Kijana amesimama. Kisha daktari akanyamaza.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Hasemi kitu."

"Na babake?"

"Pia hasemi. Wanatazamana tu, Maalim."

Nilisubiri. Nilihesabu mabati, yalikuwa kumi na moja. Muziki ulikuwa umezimwa, na hakuna aliyezungumza, si ndani ya televisheni wala nje yake. Nami nilikuwa na ukurasa ulio wazi upande wa shahidi, na mwanamke ambaye kesho yake paa lake lingeng'olewa.

Niligeuka.

Ijumaa nilisoma ukurasa mbele ya kamati, kila neno na mwenyewe. Nilifuta kifo cha baba, udaktari, ng'ombe wa fidia na chui. Nilipofika mwisho, kwamba kijana alitubu, mwenyekiti akaniuliza, "Shahidi?"

"Mimi."

"Ulisikia?"

"Nilianza kwa kusikia. Kisha niliona."

Wazee waliangaliana. Mmoja akatabasamu ndani ya ndevu.

"Uliona kiasi gani?"

"Kiasi cha rakaa mbili za mtu mwenye haraka. Na nimeomba msamaha, na nikitakiwa nitasema hivyo msikitini." Nikaweka kidole juu ya mstari wa mwisho. "Lakini yale maneno yangu matatu ya mwanzo niliyaandika bila kujua. Kwamba yameonekana ni kweli si sifa yangu. Ni bahati, na bahati haina sanadi. Jingine nimelijua kazini. Katika sinema hizi kosa hutangulia na toba huja mwishoni. Sisi tuliweka sharti kwamba mwisho usionekane. Tumekuwa tukiwaonyesha watoto wetu makosa matupu kwa miezi minane, na sharti ni langu."

Nilidhani atakasirika. Alikuwa akikikuna kidevu.

"Yule kijana alimwambia nini babake?"

"Kwa tafsiri ya daktari, alisema, 'Baba, ni mimi.' Basi."

"Hakusema ni shetani? Hakusema ni marafiki?"

"Alisema ni mimi."

Mwenyekiti alitazama mkeka. "Wangu bado hajasema," akasema kwa sauti ya chini.

Mzee mmoja alikumbusha kwamba mfasiri si Mwislamu. Mwenyekiti akamjibu bila kuinua kichwa: "Akikwambia ngamia wako ana mimba unamwamini na unauza kwa maneno yake. Mwamini na hapa." Kisha akatoa uamuzi. Kibanda kibaki. Kiwe kinaanza baada ya adhuhuri na kisimame kwa swala ya alasiri, ili mwisho upatikane kabla ya magharibi, na kanda isiyo na mwisho isionyeshwe kabisa. Ile ya gari irudiwe kesho. "Na mwanangu akae benchi la mbele," akasema. "Nami nitakaa nyuma yake."

Hivyo mjane aliyekuwa karibu kupoteza kibanda alipata saa tatu zaidi kila siku, kwa amri ya kamati. Sijui kama alilipanga. Nilipompelekea habari aliinamisha macho akasema alhamdulillahi kwa upole ambao bado naushuku.

Jumamosi sikwenda, nilikuwa na darasa. Daktari ndiye aliyenisimulia kwamba adhana ya magharibi ilipopigwa watu walikuwa wameshatoka nje, wanagombana. Mfanyabiashara wa Griftu alikuwa akieleza kila mtu kwamba sinema ndiyo iliyokosea, mtoto hawezi kuvunja nyumba akasamehewa kwa maneno mawili, na wazee wa Marekani wasipokaa leo watakaa kesho. Ndani ya kibanda walibaki wawili tu, baba nyuma na mwana mbele, televisheni imeshazimwa. Mjane alisimama mlangoni na kufuli mkononi na hakuwaharakisha.

Jumapili asubuhi nilimkuta kwenye baraza ya chuo changu, yeye na dada yake, na katoni ya majani ya chai baina yao. Ndani mlikuwa na kanda ishirini na moja.

"Kamati imesema kila mwisho upate shahidi," alisema, akiniwekea daftari juu. "Nikawauliza wazee shahidi ni nani. Wamesema wewe, Maalim, kwa kuwa umeshazoea."