Kanuni ya Majeruhi

Mwaka ule bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Shituru lilikaa siku nyingi bila kutoa kitu, na mbingu yetu ikasafika mpaka ikatutisha. Wanaume walishinda nyumbani. Siku moja mume wangu alirudi kutoka soko la Kikula na karanga ndani ya karatasi iliyochanwa kitabuni, akazila polepole huku akiisoma ile karatasi. Kisha akavaa viatu tena, akarudi kwa muuza karanga, akanunua kitabu chote kilichobaki.

Kilikuwa cha Kifaransa, cha mchezo wa kusimuliana. Mmoja anaeleza mahali na hatari zake, wengine wanajifanya wasafiri na kusema wanatenda nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Rafiki yake, fundi wa karakana, alichonga dadu za shaba. Mwalimu jirani yetu, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, akawa wa tatu. Walicheza barazani mchana. Mimi nikichambua mchele niliona mto ukipita katikati ya viti vyetu, maji yake meusi, bila sauti. Sikusoma sana, lakini ule mto niliuona.

Kurasa za kanuni ya majeruhi hazikuwamo. Zilikuwa zimekwenda na karanga za watu wengine. Mume wangu alipozihamisha kanuni zote kwa Kiswahili ndani ya daftari, hiyo aliitunga mwenyewe: aliyejeruhiwa haponi mpaka mwenzake aache safari, akae karibu naye zamu moja bila kufanya kitu.

Fundi alilalamika kila mara mnyama wa mchezoni alipomponyoka. "Nyama inakimbia, na minye niko nakaa hapa kama muti!"

"Kaa tu," mume wangu alimjibu. "Mwenzako iko na damu."

"Basi akufe mbio!"

Walicheka mpaka mwalimu akaangusha dadu.

Mume wangu aliugua kifua, akafa kabla ya mvua.

Miezi michache baadaye fundi na mwalimu walikuja kwangu. Mwalimu alikuwa ametoka Lubumbashi na fotokopi ya toleo jipya la mchezo uleule. Wenyewe waliokiandika kitabu walikuwa wamebadilisha mengi. Humo majeruhi alikunywa dawa, akasimama.

"Mama, tunaomba ile kaye, ile daftari ya bwana yako," mwalimu akasema. "Tutaikopia, tuipatanishe na kitabu ya mupya. Kuko bantu ya Kikula banataka kucheza."

"Na kanuni ya majeruhi?"

Fundi alitazama mikono yake. "Ile tutaondoa, mama. Inakawisha."

Nikawaambia daftari limepotea. Nilisema uongo mbele ya watu waliomvalisha mume wangu siku ya kumzika. Lilikuwa chini ya godoro. Mengine yote aliyatoa kitabuni, lakini kanuni ile ilikuwa yake. Ikiondolewa, nani angejua kwamba aliwahi kuwaza?

Wiki hiyo nililisoma tangu mwanzo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: Mchezo huu niliupata kwa wengine. Anayetaka anakili. Anayetaka abadilishe, ila aandike amebadilisha nini na ameutoa kwa nani, wala asimzuie atakayemfuata.

Nilimkasirikia kama mtu anavyomkasirikia aliye chumba cha pili.

Jumamosi nikawaita. "Lilikuwa hapa," nikasema. "Niliwadanganya."

"Tulijua, mama," fundi akasema. "Mu hii nyumba hata sindano haipoteyaka."

Walinakili siku mbili. Kanuni ile waliiondoa, na mwanzoni mwa nakala yao wakaandika kwamba ilikuwapo, ni ya nani, na kwamba wao ndio walioiondoa. Kisha wakacheza palepale barazani. Wasafiri walianguka na kuinuka upesi. Ulikuwa mchezo mzuri. Nasema kweli, kwa mtu anayetaka kufika ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza.

Mimi nilinunua daftari langu. Mwandiko wangu ni mkubwa na mbaya. Kunakili kulinichukua kiangazi kizima. Nilipofika kwenye majeruhi nilikwama siku kadhaa. Yeye aliandika zamu moja. Lakini ni mimi niliyekaa karibu na kitanda chake majuma yale yote, si yeye. Nikaandika: akae zamu atakazotaka. Pembeni nikaongeza kwamba hapa palikuwa na zamu moja, na aliyebadilisha ni mimi, mke wake.